Dari la Shaba na Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

...na bado sijamaliza na Kapya. Jana niliacha kuandika kwa sababu kalamu ilitoboa karatasi. Leo nimetulia. Hapana. Sijatulia hata kidogo.

Kapya ameoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo. Kwa hiyo ni mwanyumba wangu, na ningependa kujua ni nani aliyepanga jambo hilo. Jana alitualika kwake Makomeno kula kuku. Kuku hatukumwona mpaka saa tisa. Kwanza tulionyeshwa dari. Triplex! Mbao nyembamba zilizobandikwa, zimepakwa rangi nyeupe, kila pembe na ua la kuchonga. Tulisimama shingo zimepinda kama bata wanaokunywa maji, Kapya akieleza alipaka rangi mara ngapi. Akasema mama mkwe wetu akija huketi hapa, kiti hiki hiki, hutazama juu na kusema hii ni nyumba ya mwanaume. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, mama akija kwangu Katuba akatazama juu ataona nini. Nikasema ataona paa.

"Bati na buibui," akasema Kapya. Meza nzima ilicheka.

Albertine hakucheka. Alinishika kidole kidogo chini ya meza, akakibana. Kwa ajili ya kidole kile ningeweka dari juu ya Katuba yote.

Wiki ya tano ya ndoa! Kila asubuhi namkuta amelala na mkono chini ya shavu, nami najiuliza, Clovis, ulifanya jema gani? (Kwenye vitambulisho yeye ni Mwape na mimi ni Mukuka, kama raia wema wote tangu serikali ifute majina ya Kizungu mwaka jana. Lakini daftari si ofisi. Humu ndani mke wangu ni Albertine, jina aliloitikia mbele ya padri.)

Lakini mama yake, Mama Chomba, sijapata kumwona uso. Ndiyo desturi yetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani. Siku ya harusi alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, nami nikatazama mbele kama askari wa gwaride. Mwezi uliopita nilimwona akija sokoni, nikarukia mtaroni na viatu vya kazini. Itaendelea hivyo mpaka siku aseme inatosha, apike, aniite, niingizwe nyumbani kwake rasmi, nimsalimie na kula mbele yake kama mtoto wake. Kapya aliingizwa baada ya miezi mitatu. Marehemu mjomba wangu alingoja miaka minane. Mama mkwe wake alimjua kwa visigino tu. Na kabla sijaingizwa, kila sherehe ya kwao Albertine anakwenda peke yake, nami nabaki nikila mihogo baridi na kuhesabu saa.

Jumapili ya tarehe 21 Mama Chomba atakuja kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Mimi nitaondoka, bila shaka. Akiridhika, atataja siku yangu.

Siku ishirini. Triplex? Hapana. Triplex ni ya watu wasio na mawazo.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimepata! Alexis, yule Mkasai anayeuza milango na madirisha ya zamani pale sokoni, ana vigae vya dari vya chuma. Vya mraba, vimegongwa maua kwa mashine. Vilitoka kwenye klabu moja ya Wazungu iliyobomolewa. Vina rangi nyeupe iliyochakaa, vimefungwa kwa kamba, kuku wamelala juu yake. Maua! Nilipovipangusa kwa kiganja nilimwona Albertine amelala chini yake, macho juu, akihesabu maua badala ya nyufa za bati.

Tumebadilishana. Vigae vyote kwa baiskeli yangu. Alexis alijaribu kuonekana mwenye huzuni. Alipopanda baiskeli kuijaribu alipiga mluzi, mwizi yule.

Albertine aliuliza nitakwendaje kazini. Nikasema kwa miguu. Akatazama mahali baiskeli ilipokuwa ikiegemea. Halafu akasema kutembea ni kuzuri kwa mwili. Wanaume wengine wameoa wake. Mimi nimeoa malaika.

Jumamosi, 6 Oktoba

Fundi Jeannot ananiua. Serikali imemnyima jina hilo lakini hakuna mtu Katuba anayejua jina lake jingine. Anafanya kazi na sigara mdomoni, na kila ninachosema anakijibu kwa moshi.

Alitaka kuanza kupigilia kwenye pembe ya mlango, kama anavyofanya na triplex. Nilimweleza. Kila kigae kina robo ya ua katika kila pembe. Vinne vikikutana, ua linakamilika. Ukianzia pembeni, ukifika ukuta wa pili umebaki na nusu maua kama makombo. Lazima kuanzia katikati, kwa uzi na chaki, kwenda pande zote. Nilimchorea. Akatazama mchoro, akanitazama mimi, akauliza nilisoma mpaka darasa gani. Nikasema nimemaliza sekondari. Akasema inaonekana.

Tukaanzia katikati. Sasa tatizo. Ukuta unaotenganisha sebule na chumba chetu cha kulala unaangukia katikati ya safu ya maua. Maua saba yangekatwa vichwa. Saba!

Nilikaa juu ya ngazi nikafikiri. Ndipo wazo likaja, na sijui kwa nini mawazo kama haya hayamjii Kapya. Tupunguze ukuta! Tutoe safu tatu za matofali juu, dari lipite bila kukatika, sebule na chumba, uwanja mmoja wa maua kutoka mlango wa mbele mpaka dirisha la nyuma. Kapya ana vyumba vinne na madari manne. Mimi nitakuwa na vyumba viwili na mbingu moja.

Jeannot alisema ukuta ni ukuta. Nikamwambia achukue patasi.

Albertine alirudi kutoka kisimani, akaona vumbi, akaona pengo. Akauliza polepole kama watu wa sebuleni hawatatusikia sasa. Nikamuuliza wasikie nini. Alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la matofali. Siku nzima nimekuwa nikilikumbuka jambo hilo na kushindwa kumkasirikia Jeannot ipasavyo.

Jumanne, 9 Oktoba

Leo naandika kwa furaha. Nilikuwa nakwangua rangi iliyopasuka kwenye kigae kimoja ili nikipake upya. Kisu kikateleza. Chini ya nyeupe, mstari mwekundu. Nikakwangua zaidi. Unang'aa!

Shaba. Vigae vyote ni shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu. Wazungu waliipaka rangi nyeupe! Katika mji huu ambapo shaba hulisha kila mdomo, watu walikaa chini ya shaba na kuificha. Na Alexis hakujua. Alilaza kuku juu yake. Nimecheka mwenyewe njia nzima ya kazini, kilomita sita, kwa miguu.

Nimeamua. Rangi yote itoke. Kila kigae kisuguliwe mpaka king'ae.

Jeannot alipinga. Mara ya kwanza alitoa sigara mdomoni. "Patron, rangi iko muzuri. Uache vile. Ukitosha rangi, hii kintu itakuwa kioo."

Nikamwambia kioo ndicho ninachotaka. Albertine atajiona juu akilala na juu akiamka, atakuwa wawili, nami nitakuwa tajiri mara mbili. Jeannot akarudisha sigara mdomoni. Hakuwahi kupenda, mtu yule.

Jumamosi, 13 Oktoba

Hasira! Hasira! Hasira!

Siku nne nimesugua. Soda kali kutoa rangi, halafu majivu laini na ndimu, halafu kitambaa cha sufu. Vidole vimechubuka, kazini nashika kalamu kama mtu anayeshika kaa la moto. Albertine amesugua pamoja nami kila jioni, ameimba, amenipuliza vidole kimoja kimoja. Lakini bado vigae ishirini, na leo asubuhi ni salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Nikajiambia, mtaa mzima ukifagia mifereji, mtu mmoja hatakosekana.

Kunda alinikosa. Kunda ndiye anayeandika majina ya salongo mtaani kwetu, na hana furaha nyingine duniani. Alikuja mlangoni na karatasi yake, akaniona nimepiga magoti uani, na mbele yangu rundo la shaba likiwaka juani. Akasahau salongo. Akauliza ile shaba imetoka wapi. Na unajua mji huu: karani wa depo ya kampuni ya migodi, kama mimi, akionekana na shaba uani, hakuna mtu anayefikiria maua.

Nikasema ni dari. Akasema yeye anaona shaba. Nikasema ni dari la shaba. Akasema kwa hiyo nakiri ni shaba. Kwa dakika kumi alikuwa amekusanya mafagio thelathini na wenye mafagio. Wote walikuja kutazama. Mama mmoja aliuliza kama nitafungwa leo au Jumatatu.

Albertine aliniokoa. Alichukua kigae ambacho hakijasuguliwa, akakigeuza nyuma, akawaonyesha mhuri wa kiwanda cha Ulaya na mwaka 1931, akamwuliza Kunda kwa heshima zote za raia, Citoyen, mume wangu mwaka 1931 alikuwa wapi? Nilizaliwa 1949. Kunda alihesabu kwa vidole. Mafagio yakaanza kucheka.

Nilifagia mfereji wote wa barabara peke yangu mpaka saa nane. Adhabu, alisema Kunda. Nilifagia nikimtukana katika lugha nne, kwa sauti ndogo. Lakini kila nilipoinua kichwa nilimwona Albertine dirishani. 1931! Nani mwingine angefikiria kugeuza kigae?

Alhamisi, 18 Oktoba

Limekwisha.

Siwezi kueleza. Nitajaribu. Unaingia, na juu yako kuna machweo. Maua mamia, kila ua na kitovu laini cha duara ambacho kinang'aa kuliko petali, na katika kila kitovu unajiona, mdogo, mwekundu, kichwa chini. Mwanga wa dirisha la chumba unasafiri juu ya ukuta mpaka mlango wa mbele. Albertine alisimama katikati, akazunguka taratibu, sketi yake ikazunguka, na juu yetu Albertine mia wakazunguka. Nililia kidogo. Nilisema ni majivu.

Kapya alikuja jana jioni, eti anapita tu. Hakuna mtu anayepita tu Katuba kutoka Makomeno. Alitazama juu kwa muda. Nilimwona akimeza mate, niliona koo! Halafu akavua kofia, akajipepea nayo.

"Mwanyumba, unataka kulala mu sufuria? Ikipata jua mutaiva wote wawili."

Akagonga kigae kwa fimbo yake. Kikalia kama kengele. Akauliza kama chakula kiko tayari. Mke wake alicheka, majirani waliokuja kuchungulia wakacheka, na sasa mtaa mzima unaita nyumba yangu Sufuria. Leo asubuhi Kunda mwenyewe ameniuliza tumeamkaje huko jikoni.

Sawa. Wacheke mpaka Jumapili. Mama Chomba atakapotazama juu, tutaona nani ana nyumba ya mwanaume.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mipango ya kesho. Albertine amefagia, ameoka, ameazima kiti chenye mikono na kukiweka chini ya ua la katikati. Mimi nimemwahidi nitaondoka saa tatu kamili kwenda Kasapa kumwona rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa yuko chuo kikuu huko, na sitarudi kabla ya jioni. Mara tatu ameniuliza kama nimeelewa. Mara tatu nimesema nimeelewa.

Lakini hebu fikiri. Wiki tatu za kazi. Vidole hivi. Kilomita sita kila asubuhi. Na siku mwanamke yule atakapotazama juu na kusema neno lake, mimi niwe Kasapa nasikiliza mtu akinisimulia mitihani? Neno lile ni langu. Nina haki ya kulisikia kwa masikio yangu.

Masikio si macho. Desturi inasema tusitazamane. Haisemi kitu juu ya kusikia. Nimeifikiria pande zote, haina tundu. Nitatoka kwa mlango wa mbele na kofia, nitazunguka, nitaingia chumbani kwa dirisha. Kati yangu na yeye kutakuwa na ukuta mzima wa matofali.

Jumapili, 21 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Saa tatu nilitoka. Nikambusu Albertine kwenye paji la uso. Nikapunga kofia. Nikazunguka kwa nyuma, nikaingia dirishani, nikajilaza kitandani bila kupumua. Saa nne wakaja. Nilisikia nyayo zake, mkufu wake, kiti kikilia. Nilisikia Albertine akimwekea maji. Halafu kiti kikalia tena, kama mtu anayeegemea nyuma. Nilijua anatazama juu.

"Yee," akasema Mama Chomba. Halafu: "Bertine. Hii njo juu ya nyumba? Iko muzuri."

Muzuri! Niliuma mto. Nilitaka kumkumbatia Jeannot, hata Kunda. Kama ningeondoka hapo hapo kwa dirisha, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Katanga.

Lakini akaendelea kusema. Kapya amekwishamweleza yote, nyoka yule. Akasema amesikia kinga, yaani baiskeli yangu, imekwenda, kila asubuhi mkwe wake anapita barabarani na vumbi mpaka magotini kama mtu aliyetumwa. Albertine alinitetea, mpenzi wangu, akasema ninatembea kwa ajili ya afya. Mama Chomba akacheka puani.

"Muntu anauzisha kinga juu ya plafon," akasema, yaani kwa ajili ya dari. "Kesho atauzisha weye, juu ya mulango."

Mimi! Nimuuze Albertine! Nilisimama. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kupiga kelele sikuweza. Kutoka sikuweza. Hasira lazima itoke mahali, na mimi hasira yangu hutoka kwa miguu. Kitenge cha Albertine kilikuwa kwenye msumari. Nikajifunga kiunoni. Nikaanza kutembea kama yeye, kiuno huku, kiuno kule, mkono nyuma ya mgongo, jinsi ninavyomjua kutoka mtaroni. Nikapita mbele ya ukuta ule, huku na huko, nikimtolea ulimi wote nilio nao. Mara ya kwanza nilijisikia nafuu. Mara ya pili nafuu zaidi. Mara ya tatu niliinua uso.

Juu ya ukuta, pale tulipotoa safu tatu, maua yanapita bila kukatika, kama nilivyotaka. Na katika kitovu cha ua moja kulikuwa na mwanamke mzee, mdogo, mwekundu, kichwa chini, ameketi kwenye kiti chenye mikono, anatazama juu. Ananitazama mimi.

Ulimi wangu ulikuwa bado nje.

Tulitazamana muda gani sijui. Ana macho ya Albertine. Hilo sikulitegemea.

"Bertine," akasema, bila kupandisha sauti. "Bwana yako iko mu chumba. Amevaa kitenge yako."

Kisha nikaona kwenye ua lile la shaba amejifunika kitambaa kichwani, uso wote. Akamwambia mwanawe afunge bintu byake, waende.

Albertine alifungua mlango wa chumba. Alinitazama, mimi na kitenge. Hakuna aliyenitazama hivyo tangu nizaliwe. "Clovis," akasema. Alichukua nguo mbili, akajaribu kuchukua kitenge pia, akaona kimefungwa kwa fundo, akakiacha.

Jumatatu, 22 Oktoba

Orodha ya wenye makosa. Kapya, aliyepeleka umbea Annexe, nyumbani kwa mama mkwe. Alexis, aliyeuza shaba bila kuijua; angeijua angeniambia bei isiyowezekana, nami leo ningekuwa na baiskeli na mke. Jeannot, aliyesema kioo mara moja tu, tena na sigara mkononi. Fundi wa kweli angesisitiza. Wazungu, waliojua kwa nini waliipaka rangi wakaondoka bila kumwambia mtu.

Sikwenda kazini. Nimelala kitandani na juu yangu naona kitanda cha watu wawili na ndani yake mtu mmoja. Katika kila ua. Nimegeuka kulala kifudifudi. Mto wake una harufu ya sabuni na majivu.

Kunda alipita dirishani akauliza mbona jikoni hapatoki moshi. Nilimrushia kiatu. Kimebaki nje, sina nguvu ya kukifuata.

Kusemwa kwamba nitamuuza! Bado naisikia. Na sasa amekwenda kweli, na mimi ndiye niliyelipa.

Jumanne, 23 Oktoba

Amekuja Mzee Mumba, kaka yake Mama Chomba, kama mjumbe. Amevaa abacost ya kijivu, lile koti lisilo na tai, iliyofungwa mpaka kooni, mtu mzito, sauti ya mahakamani. Alikataa kiti. Akanieleza kosa langu kwa utaratibu: kwamba nimemtazama mama mkwe, kwamba nimemtazama na ulimi, kwamba nimemtazama na kiuno. Akasema katika ukoo wao kosa la kwanza linajulikana na lina adhabu yake. La pili na la tatu walilazimika kujadiliana upya.

Uamuzi: kuku mweupe jike asiyetaga bado, na kitambaa cheupe, apelekewe mama kesho kwa mkono wa mtu mwingine. Matofali yarudishwe juu ya ukuta mpaka yaguse dari. Hapo Albertine atarudi. Kuhusu kuingizwa kwangu, mama mwenyewe atasema siku, akitaka.

Nilikubali yote. Ningekubali kuku kumi.

Alipokuwa anaondoka akaomba nimwonyeshe niliposimama. Kwa ajili ya ripoti, alisema. Nikamwonyesha. Akasimama pale pale, mikono nyuma, akainua uso juu taratibu. Halafu akashikwa na kikohozi. Alikohoa mpaka barabarani, ameshika mti, mabega yanatikisika. Mzee wa watu. Vumbi la matofali halifai kwa umri ule.

Jumamosi, 27 Oktoba

Amerudi! Tangu jana saa kumi! Maua saba yamekatwa vichwa na ukuta, Jeannot alipanga matofali akitabasamu kwa moshi, na mimi sikujali hata ua moja. Aliingia na kifurushi chake kichwani, akakitua, akaja akaninusa shingoni kama mtu anayehakikisha ni nyumba yake. Nilisahau hata kumtukana Kapya. Mimi!

Alinisimulia. Siku ya kwanza mama yake hakula. Siku ya pili alikuwa anatwanga, mara akauacha mchi, akaketi chini akacheka mpaka wanawake wa shamba la pili walikuja kuuliza. Hajasema alichokumbuka. Siku ya tatu alisema macho yameona yasiyopaswa kuona, kwa hiyo mtu lazima angoje. Mahindi haya ya sasa yakivunwa, kama mimi nitakuwa nimetulia, atapika. Atanipikia! Anaomba kitu kimoja tu: mpaka mavuno nisifanye kitu chochote kipya. Chochote.

Albertine alinishika nyuso zote mbili, yaani mashavu yote mawili, nimechanganyikiwa. "Clovis, ukae tu. Miezi sita. Kukaa tu hakutaki musumari, hakutaki ngazi. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Niliapa. Nilimaanisha kila neno, kwa moyo wangu wote, kuanzia jana saa kumi mpaka leo saa nne asubuhi.

Saa nne nilikuwa kwenye salongo, nafagia kwa utulivu, nimetulia kama maji ndani ya mtungi. Jeannot akafagia mpaka karibu yangu. Akasema amepata kazi nzuri Annexe. Kapya amemtuma kupima nyumba ya Mama Chomba. Triplex! Nyumba nzima! Zawadi kutoka kwa mkwe mwema!

Fagio limevunjika. Kunda ameliandika.

Kwa hiyo miezi sita mimi nikae tu, na mama mkwe wangu alale chini ya triplex ya Kapya, na kila asubuhi akifungua macho aone rangi ya Kapya, na siku atakayoniingiza niingie kula chini ya dari la Kapya! Hapana. Kuna kutulia na kuna kuzikwa hai.

Nimefikiri, na safari hii nimefikiri kwa kichwa baridi. Yeye mwenyewe alisema iko muzuri. Neno hilo hakuna mjumbe aliyelifuta. Nitashusha vigae vya chumbani kwetu, Albertine hatakataa akielewa, nitamweleza akirudi kutoka sokoni. Shaba itakwenda Annexe. Mama Chomba huwa shambani kuanzia alfajiri mpaka saa tisa, nitapigilia wakati hayupo, hatutaonana. Na akirudi mapema? Hapo ndipo uzuri wa jambo lenyewe. Nitaanza na safu inayoelekea mlango, niisugue kuliko zote. Mtu yeyote akitokea njiani nyuma yangu nitamwona kwanza darini, mdogo, mwekundu, na nitakuwa nimetoka kwa dirisha kabla hajafika uani. Jumapili ile shaba haikukosea. Mimi ndiye niliyechelewa kutazama juu. Safari hii nitatazama juu muda wote.

Hata si kitu kipya. Ni vigae vile vile.

Nimemwandikia Mzee Mumba barua, fupi, ya heshima, mpita njia ameondoka nayo sasa hivi. Nimemwomba amwambie mama asimkubalie mtu yeyote triplex, awe na subira kidogo, na asifunge dirisha la nyuma, kwa maana mkwe wake Mukuka atafika Annexe mwenyewe, na ngazi, kabla mwezi huu haujaisha.